Uzi: Zana ya programu ichaguliwe kwa namna inavyoharibika

#1 Mkokoteni

Wakuu, habari za jioni.

Swali la "nianze na zana gani?" huwa linajibiwa kwa orodha ya majina yanayovuma. Napendekeza kigezo kingine. Kabla ya kuchagua zana, uliza inaharibikaje, ikiharibika inakuambia nini, na mtu akiwa peke yake usiku anaweza kuirudisha kwa hatua ngapi. Siku ya kwanza kila zana inafanya kazi. Tofauti inaonekana diski ikijaa, au umeme ukikatika katikati ya muamala (maandishi kadhaa yanayokubaliwa yote au kufutwa yote).

Kwa kigezo hicho, mifumo mingi inayojengwa huku kwetu (duka, shule, SACCOS, zahanati, oda za chakula) inatoshwa na seva moja ya Linux yenye RAM ya GB 4, programu moja, na hifadhidata moja ya PostgreSQL (kwa kifupi Postgres). Kazi za nyuma ziendeshwe na cron (kipanga ratiba cha Linux), au na foleni (orodha ya kazi zinazosubiri) iliyomo humo humo kwenye hifadhidata. Kubernetes (inayosimamia programu kwenye seva nyingi), Kafka (mfumo mkubwa wa kupitisha ujumbe) na maikroservisi (mfumo uliogawanywa programu ndogo ndogo zinazozungumza kwa mtandao) viache mpaka uwe na watu wa kuvilea.

PostgreSQL naipenda kwa sababu makosa yake yanajieleza. Chukua hili linalowakuta wengi: "FATAL: sorry, too many clients already". Kila muunganisho kwenye Postgres ni mchakato kamili wa mfumo endeshi. Kikomo inachokuja nacho ni 100, na kati ya hizo 3 zimetengwa kwa msimamizi mkuu, kwa hiyo zinabaki 97. Sasa programu yako ina michakato 6, na kila mmoja umeruhusiwa kufungua miunganisho 20. Hiyo ni 120. Asubuhi watumiaji wakiwa wachache huoni kitu. Jioni wakijaa, inagoma. Wengi hukimbilia kuandika max_connections = 1000, halafu RAM ndiyo inayoisha. Dawa ni kushusha hadi miunganisho 5 kwa kila mchakato, au kuweka PgBouncer, inayogawa miunganisho michache kwa wengi, mbele yake katika hali ya transaction (muunganisho unashikwa kwa muamala mmoja tu). Ukiwa kwenye faili hilo hilo la mipangilio, ipandishe shared_buffers (kumbukumbu ya Postgres ya kuweka data inayotumika sana) kutoka MB 128 za mwanzo hadi karibu robo ya RAM, yaani GB 1. Hiyo inataka Postgres izimwe na kuwashwa upya, reload (kusoma mipangilio upya bila kuzima) haitoshi.

Karibuni tujadili.

#2 Tausi_wa_Pwani

Mkuu nakubaliana na wewe kwa kiasi kikubwa, ila kwa mfumo wa duka moja hata Postgres naona ni mzigo. Kwa nini usiseme SQLite, hifadhidata isiyohitaji seva yake? Tatizo nililonalo ni lile kosa la "database is locked". Kila anayejibu mtandaoni anasema "hamia Postgres", hakuna anayeeleza linatoka wapi.

#3 Bi_Indeksi

Tausi, SQLite ni chaguo zuri sana pale programu na data vinapokaa kwenye mashine moja. Imeandikwa tangu mwaka 2000 na D. Richard Hipp, haina leseni ya kukubana, na hifadhidata nzima ni faili moja.

Hilo kosa lina sababu mbili, na dawa zake ni tofauti.

Sababu ya kwanza ni kwamba SQLite inaruhusu mwandishi mmoja kwa wakati. Katika hali yake ya kawaida, mwandishi anapomalizia kuandika huwazuia hata wasomaji. Endesha PRAGMA journal_mode=WAL; mara moja tu, inakaa ndani ya faili moja kwa moja (PRAGMA ni amri ya mipangilio ya SQLite, na WAL ni hali ya kuandika mabadiliko kwanza kwenye faili la pembeni). Baada ya hapo wasomaji hawamzuii mwandishi wala yeye hawazuii wao. Kisha kwa kila muunganisho mpya weka PRAGMA busy_timeout=5000; ili anayekuta kufuli asubiri hadi sekunde 5 badala ya kukata tamaa papo hapo. Hapa ndipo watu wanapoteleza: busy_timeout haihifadhiwi kwenye faili. Ukiiweka kwenye terminal yako na programu yako isiiweke, hujafanya kitu. PRAGMA foreign_keys=ON nayo ni hivyo hivyo, ni ya kila muunganisho, na isipowashwa SQLite inakubali mstari wa oda wenye mteja ambaye hayupo.

Sababu ya pili ndiyo inayowachanganya hata wazoefu. Muamala umeanza kwa BEGIN, ukasoma, halafu ukataka kuandika. Kama katikati hapo muunganisho mwingine umeshaandika, picha ya data uliyoisoma imepitwa na wakati, na SQLite inakupa kosa mara moja bila kujali busy_timeout. Inafanya vizuri kukataa, maana ingekuacha uandike juu ya salio ambalo si la kweli. Dawa: muamala wowote unaojua utaandika, uanze kwa BEGIN IMMEDIATE. Hapo unachukua zamu ya kuandika tangu mwanzo, na kusubiri kunafanya kazi.

Mambo mawili ya kuepuka. Usiweke faili la SQLite kwenye folda ya mtandao, NFS au ile ya Windows inayoshirikiwa ofisini. Kufuli za huko haziaminiki na faili linaweza kuharibika. Na usikae na muamala wazi huku unasubiri jibu la mtandao wa simu. Fungua, andika, funga.

#4 Tausi_wa_Pwani

Asante sana dada. Na umeme ukikatika? Huku kwetu ni jambo la kila siku.

#5 Bi_Indeksi

Inategemea PRAGMA synchronous. Ikiwa FULL, ambayo ndiyo kawaida yake, kila muamala uliokubaliwa unasukumwa hadi diski kabla ya kukujibu. Ikiwa NORMAL ndani ya WAL, faili haliharibiki umeme ukikatika, ila miamala ya mwisho mwisho inaweza kupotea. Kwa takwimu za waliotembelea ukurasa, NORMAL ni sawa. Kwa mauzo na malipo acha FULL, hata kama ni polepole kidogo.

#6 Kipepeo254

Naomba nipingane na #1 kuhusu maikroservisi. Mnazungumza kana kwamba ni fasheni tu. Kampuni yenye timu kumi na tano zinazotoa matoleo kwa ratiba tofauti haiwezi kuishi ndani ya programu moja. Timu ya mikopo ikisubiri timu ya ripoti ili kutoa toleo, kazi inakwama.

#7 Mkokoteni

Kipepeo, hoja yako ni ya kweli, na ndiyo sababu nzuri ya kuzigawa: mipaka ya watu. Ninachopinga ni watu watatu kugawa mfumo vipande nane kwa kuamini kwamba utakuwa na kasi. Ndani ya programu moja, kuita kazi nyingine ni jambo la nanosekunde. Ukilipitisha mtandaoni linakuwa la milisekunde, na linaweza kushindwa nusu njia: oda imeandikwa, stoo haijapunguzwa. Kile ambacho Postgres ilikuwa ikikufanyia bure kwa BEGIN na COMMIT, sasa unakiandika mwenyewe kwa mkono, pamoja na kurudia, kufuta, na kupatanisha.

Mwaka 2023 timu moja ya Prime Video ya Amazon ilieleza jinsi ilivyorudisha mfumo wake wa kukagua ubora wa picha na sauti kutoka vipande vilivyosambaa kuwa programu moja, na gharama ikashuka kwa asilimia 90. Vikwazo vikubwa vilikuwa uratibu wa vipande hivyo kupitia AWS Step Functions, na kupitisha fremu za video kutoka kipande hadi kipande kupitia S3 (hifadhi ya mafaili ya Amazon). Haina maana kila mtu afanye hivyo. Wao wenyewe walizungumzia mfumo huo mmoja tu. Lakini inaonyesha gharama ilipokuwa imejificha.

Anayetaka mipaka bila kugawa seva atenganishe moduli ndani ya programu moja, na kila moduli iwe na schema yake (fungu lake la majedwali) ndani ya Postgres. Timu zikiongezeka, mahali pa kukatia patakuwa pameshaonekana.

#8 Kipepeo254

Sawa, hapo kwenye schema tunaelewana.

#9 Mzee_wa_Terminal

Kwenye foleni ndani ya hifadhidata, wengi hawajui kwamba Postgres inaweza tangu toleo la 9.5. Nitaeleza kwa malipo ya M-Pesa kupitia Daraja (njia ya Safaricom ya kuunganisha programu na M-Pesa) kwa upande wa Kenya, kwa sababu ndipo foleni inapohitajika kweli.

Ukituma STK Push (ombi la malipo linalotokea kwenye simu ya mteja), jibu la papo hapo linakupa CheckoutRequestID, yaani namba ya ombi hilo. Hilo halimaanishi mteja amelipa. Matokeo yanakuja baadaye kwenye CallBackURL yako (anwani ya seva yako ya kupokelea taarifa): ResultCode 0 amelipa, 1032 ameghairi, 1037 simu haikupatikana au hakujibu kwa wakati, 1 salio halitoshi. Sasa taarifa hiyo inaweza kuchelewa, inaweza kuja mara mbili, na seva yako ikiwa chini inaweza isikufikie kabisa. Mfumo unaotegemea taarifa hiyo peke yake utakuwa na wateja waliolipa bila kupewa huduma.

Fanya hivi. Kabla ya kutuma, andika mstari wa malipo wenye hali "inasubiri" na kiasi. Jibu likija, weka CheckoutRequestID kwenye mstari huo huo. Taarifa ikifika kwenye CallBackURL, usifanye kazi yoyote nzito: iandike kama ilivyo kwenye jedwali la taarifa, jibu 200 (imepokelewa), basi. Kuna mchakato mwingine unaosoma jedwali hilo kwa:

SELECT id, maudhui FROM taarifa WHERE imeshughulikiwa = false ORDER BY id LIMIT 10 FOR UPDATE SKIP LOCKED;

SKIP LOCKED ndiyo roho ya foleni. Wafanyakazi wawili wakisoma kwa pamoja, kila mmoja anaruka mistari aliyoishika mwenzake, hakuna anayemsubiri mwingine wala kurudia kazi yake. Mmoja akifa katikati, muamala wake unafutika na mistari inarudi kwenye foleni yenyewe.

Kisha MpesaReceiptNumber (namba ya risiti) iwekewe kizuizi cha UNIQUE (isijirudie), na uandike kwa INSERT ... ON CONFLICT DO NOTHING. Taarifa ikija mara mbili, ya pili inapita bila madhara. Mwisho, cron ya kila dakika 2 iangalie malipo yaliyokaa "inasubiri" zaidi ya dakika 3 na kuyauliza kwa STK Push Query. Swali hilo ndilo ukweli. Kabla ya kufungua huduma, linganisha nalo taarifa iliyofika, na kiasi chake na kile ulichoandika mwanzo, maana URL yako ipo wazi na mtu yeyote anaweza kutuma hapo taarifa ya uongo.

Tokeni ya Daraja inaishi takriban saa moja. Ihifadhi na uitumie tena; usiombe mpya kwa kila malipo.

#10 Chuma_cha_Reli

Mzee naomba kuongeza: pesa zisiwekwe kwenye float (namba za desimali za kukadiria) hata siku moja. 0.1 + 0.2 inakuja 0.30000000000000004. Tumia integer kama ni shilingi kamili, au numeric(14,2). Na muda uwe timestamptz (muda unaozingatia ukanda wa saa). Dar, Nairobi na Kampala zote ni UTC+3 na hatubadilishi saa kwa majira, kwa hiyo kosa la timestamp tupu halionekani mpaka seva iliyokodishwa Ulaya, yenye saa ya UTC, inapofunga ripoti ya siku saa 9 usiku kwa saa za huku, na mauzo ya usiku wa manane yakaingia tarehe ya jana.

#11 Nguzo_Tatu

Wakuu, kwenye Postgres kuna kitu kinanisumbua. Kuongeza safu moja kwenye jedwali la wateja, jedwali dogo tu, mfumo mzima unaganda. Nimesoma kwamba tangu toleo la 11 ADD COLUMN yenye DEFAULT haiandiki upya jedwali, iweje?

#12 Bi_Indeksi

Nguzo, ulichosoma ni sahihi, ALTER yenyewe ni ya milisekunde. Kinachokugandisha ni foleni ya kufuli.

ALTER TABLE inataka kufuli ya ACCESS EXCLUSIVE, isiyokubali mwenza yeyote. Tuseme kuna ripoti ndefu inasoma jedwali la wateja kwa dakika 4. ALTER yako inasubiri ripoti iishe. Sawa. Lakini kila SELECT mpya inayokuja baada ya ALTER inajipanga nyuma yake, ingawa ingeweza kusoma sambamba na ripoti. Kwa hiyo kuingia kwenye mfumo, kutafuta mteja, vyote vinasimama dakika 4 kwa ajili ya ALTER ambayo bado haijaanza.

Kabla ya kila badiliko la muundo, andika SET lock_timeout = '2s'; Ikishindwa ndani ya sekunde 2 inajiondoa, watu wanaendelea, nawe unajaribu tena baadaye. Kumpata anayezuia:

SELECT pid, state, pg_blocking_pids(pid), query FROM pg_stat_activity WHERE state <> 'idle';

Mara nyingi utakuta mkosaji yuko kwenye hali ya "idle in transaction": programu imefungua muamala, ikaenda kuita huduma ya SMS, ikasahau. Weka idle_in_transaction_session_timeout iwe '60s' akatwe mwenyewe.

Indeksi nayo ijengwe kwa CREATE INDEX CONCURRENTLY (bila kuwazuia wanaoandika) kama jedwali lina kazi. Haikubali kuwa ndani ya BEGIN, kwa hiyo zana nyingi za kubadili muundo zinataka uizimie muamala kwa faili hilo. Ikikatika katikati inaacha indeksi iliyoandikwa INVALID. Hiyo haisaidii kusoma, lakini inaendelea kulipiwa kila unapoandika. Ifute kwa DROP INDEX, uanze tena.

#13 Nguzo_Tatu

Ni ripoti kweli. Metabase, zana yetu ya ripoti, ilikuwa inasoma humo humo. Shukrani sana.

#14 Kipepeo254

Tusisahau pakiti za watu wengine. Machi 2016 pakiti ya left-pad, mistari 11 tu ya msimbo, iliondolewa npm (hazina ya pakiti za JavaScript) na miradi mingi duniani ikashindwa kujengwa. Machi 2024 Andres Freund, ambaye ni mmoja wa waandishi wa PostgreSQL, aligundua mlango wa nyuma ndani ya xz (zana ya kubana mafaili) matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 kwa sababu tu SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali) ilikuwa inachelewa kwa kama nusu sekunde. Kati ya hayo mawili kuna somo la vitendo: faili la kufuli ya matoleo (linaloorodhesha toleo kamili la kila pakiti) liingie kwenye Git, seva ijenge kwa npm ci, inayofuata faili hilo tu, na siyo npm install, na kitu cha mistari 11 kiandike mwenyewe.

Wanaotumia wasaidizi wa AI kuandika msimbo wawe macho zaidi hapa. Modeli inaweza kukutajia pakiti yenye jina zuri ambayo haijawahi kuwepo, na kuna wahalifu wanaosajili majina ya aina hiyo. Kabla ya kusakinisha, fungua ukurasa wa pakiti, tazama historia ya matoleo na hazina yake ya msimbo.

#15 Chuma_cha_Reli

Na leseni. HashiCorp walibadilisha ya Terraform (zana ya kuandaa seva) Agosti 2023, likazaliwa tawi huru la OpenTofu. Redis (hifadhidata ya kwenye RAM) nayo Machi 2024, likazaliwa tawi la Valkey. PostgreSQL haimilikiwi na kampuni moja, na SQLite ipo mikononi mwa umma. Kwa mfumo utakaodumu miaka kumi, hilo kwangu lina uzito kuliko kasi.

#16 Tausi_wa_Pwani

Swali la mwisho kutoka kwangu: bakapu. Kwa SQLite nimekuwa nafanya cp ya faili saa 8 usiku. Inatosha?

#17 Mzee_wa_Terminal

Haitoshi, ndugu yangu. Ukiwa kwenye WAL, sehemu ya data iko kwenye faili la pili linaloishia na -wal. Ukinakili faili kuu peke yake, unaacha miamala ya karibuni nyuma, na ukinakili huku mtu anaandika unaweza kupata faili lililovunjika. Tumia sqlite3 duka.db "VACUUM INTO '/bakapu/duka.db'" au amri ya .backup. VACUUM INTO inakataa kama faili la mwisho lipo tayari na lina kitu, kwa hiyo weka tarehe kwenye jina.

Kwa Postgres tumia pg_dump -Fc (inatoa nakala ya hifadhidata kwenye faili), na pembeni pg_dumpall --globals-only, maana pg_dump haibebi watumiaji na nywila zao. Bila hiyo, siku ya kurejesha utakutana na "role does not exist" mstari baada ya mstari.

Someni tukio la GitLab (huduma ya kuhifadhi msimbo) la tarehe 31 Januari 2017. Mhandisi alifuta folda ya data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya pili. Kati ya takriban GB 300 zikabaki kama GB 4.5. Walipokimbilia bakapu za pg_dump hawakukuta kitu: iliyokuwa ikiendeshwa ni ya toleo la 9.2 na hifadhidata ilikuwa 9.6, kwa hiyo ilikuwa inagoma kila siku, na barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa na seva ya barua. Waliokolewa na nakala ya diski iliyopigwa saa zipatazo 6 kabla. Waliyaandika yote hadharani, na ndiyo maana tunaweza kujifunza.

#18 Nguzo_Tatu

Mzee, tupe basi hatua za kujaribu kurejesha bakapu, kwa Postgres. Cron yangu inaonekana inafanya kazi ila folda haina kitu.

#19 Mzee_wa_Terminal

Folda tupu: angalia alama ya % kwanza. Ndani ya crontab (faili la ratiba za cron), % inahesabiwa kuwa mstari mpya. Ukiandika db-$(date +%F).dump amri inakatwa hapo. Andika \% au, vizuri zaidi, weka amri zote kwenye faili la skripti na crontab iite skripti tu. Pili, cron haisomi .bashrc yako, kwa hiyo andika njia kamili ya pg_dump. Tatu, .pgpass (faili la nywila) isipokuwa na ruhusa 0600 Postgres inaipuuza bila kugoma, halafu inaomba nywila ambayo hakuna wa kuiandika.

Skripti ianze na set -euo pipefail. Bila pipefail, ukiandika pg_dump | gzip na pg_dump ikafa, gzip inamaliza salama na cron inaona mafanikio. Unabaki na faili dogo la gz lisilo na kitu.

Kujaribu, kila Jumapili, kwenye mashine tofauti: createdb jaribio, kisha pg_restore --no-owner -j 4 -d jaribio faili.dump. Usiishie kuona imemaliza. Endesha SELECT count(*), max(created_at) FROM oda. Na ulinganishe na mfumo ulio hewani. Idadi ikikaribiana na tarehe ya mwisho ikiwa ya jana usiku, ni nzima. Tarehe ikiwa ya wiki iliyopita, cron imekufa kimya kimya. Andika pia muda uliotumika kurejesha, ili bosi akiuliza mfumo utarudi saa ngapi uwe na jibu. Halafu dropdb jaribio, isije diski ikajaa.

#20 Nguzo_Tatu

Ilikuwa ni hiyo %. Faili la kwanza limeshaingia, MB 214. Jumapili narejesha kwenye laptop.